Tuliipiga filamu ya majini hapa Lamu, na hadithi yake ya tatu bado tunaidai

Mhariri,

Assalaam aleikum. Mimi ni fundi wa umeme mtaa wa Langoni, hapa Lamu, na nina miaka 54. Gazeti lenu nalisoma tangu zama zile likifika kisiwani alasiri, likishushwa botini pamoja na magunia ya viazi, na sijapata kuliandikia hata mara moja. Leo nimeshika kalamu kwa sababu ya makala ya mwandishi wenu katika ukurasa wa burudani, pale aliposema kuwa sisi watu wa pwani tumekalia hazina ya hadithi za majini lakini hakuna aliyethubutu kuzipiga filamu, na kwamba twende tukajifunze kwa Wajapani. Kisha akazitaja filamu za Kijapani za miaka hii ya karibuni, akaishia hapo.

Sisi tulithubutu. Tulipiga filamu ya hadithi nne za majini, hapa hapa Lamu, kati ya mwaka 2013 na 2014, na tulijifunza kwa Wajapani hao hao, ila si kwa filamu alizozitaja yeye. Naomba nafasi nieleze ilivyokuwa, kwa sababu kuna kitu chetu kiko kabatini kwa mtu na nataka kirudi.

Mwaka 2012 alikuja Mjapani mmoja akapanga nyumba mtaa wa Mkomani kwa miezi kadhaa. Alikuwa akijifunza uchongaji wa plasta, zile nakshi za zidaka, vishubaka vya ukutani. Mimi nilimtengenezea feni na kumbadilishia waya ulioliwa na chumvi. Alipoondoka aliniachia diski tatu, na moja ilikuwa Kwaidan, filamu ya Masaki Kobayashi iliyotoka Japani mwishoni mwa 1964. Tuliitazama kwa kinyozi, baada ya kufunga duka, mimi na binamu yangu ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye alikuwa akinisomea yale maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Wiki ile tuliitazama mara tatu.

Ni hadithi nne zisizohusiana, kila moja na watu wake. Ya kwanza ni ya samurai aliyemuacha mkewe maskini akaenda kuoa kwa wakubwa, na miaka mingi baadaye akarudi usiku akamkuta mke amekaa pale pale anasokota uzi. Asubuhi anaamka, nyumba ni gofu na aliyelala naye ni mifupa na nywele. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa hadithi hiyo. Sisi tumezaliwa jirani na magofu ya Pate, na washairi wetu wa kale wamezililia zile kasri zilizobaki makao ya popo. Ya pili ni ya mwanamke wa theluji, nitairudia. Ya tatu ni ya Hoichi, kijana kipofu mpiga zeze la Kijapani, anayeitwa kila usiku na wafu waliozama katika vita vya bahari vya Dan-no-ura mwaka 1185, wanataka awaimbie utenzi wa kushindwa kwao. Binamu yangu aliposikia hivyo alisimamisha diski. Akasema, "Kaka, hii ni Shela." Akimaanisha vita vya Shela, ambavyo babu zetu waliwapiga watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa pale ufukweni, zaidi ya miaka 200 iliyopita, na mifupa yao ikakaa mchangani miaka na miaka ikifunuliwa na upepo. Kama kungekuwa na kipofu muimba tenzi Shela, angeitwa usiku naye.

Ya nne ni ya mtu anayeona uso wa mgeni ndani ya kikombe cha chai, akainywa. Hiyo haikutushika sana.

Hadithi hizo hakuzitunga Kobayashi. Ziliandikwa na Lafcadio Hearn, mtoto wa mama Mgiriki na baba wa Ayalandi, aliyezaliwa kisiwa cha Lefkada mwaka 1850, akahangaika Marekani na visiwa vya Karibiani, hata akafika Japani mwaka 1890, akaoa, akachukua jina la Koizumi Yakumo, na kufia huko mwaka 1904. Nyingi katika hadithi zake alisimuliwa na mkewe, Setsu. Tafadhali mlikumbuke jina hilo la mke mnaposoma haya yanayofuata. Watu husema "hadithi za Hearn" au "filamu ya Kobayashi", na mwanzo kabisa wa yote palikuwa na mwanamke aliyekaa chini usiku akamsimulia mumewe.

Basi tukaamua. Tulikuwa watu sita. Binamu yangu alikuwa mwongozaji. Kamera ilikuwa ya kijana anayepiga picha za harusi. Mimi nilishika taa na kinasa sauti. Wenzetu wengine walikuwa mvuvi, fundi cherehani na dada yake aliyetupikia na kuigiza. Hadithi tulizochagua ni hizi: mvuvi aliyekutana na kitunusi, jini wa baharini, upande wa Manda, bwana harusi aliyefika arusini akakuta ni gofu, mwanamke mwenye kwato la punda, na mtu anayesikia adhana saa isiyo ya sala, kutoka msikiti uliohamwa zamani. Tulianza kaskazi ya mwisho wa 2013, bahari ikiwa safi na usiku mkavu. Mpaka Aprili tulikuwa tumemaliza hadithi ya mvuvi na nusu ya ile ya bwana harusi.

Halafu yakaja ya Mpeketoni. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 mji ule ulishambuliwa, watu wengi wakauawa, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kutengeneza hadithi za kutisha wakati watu wanazika. Tuliweka kamera chini. Mwezi wa Julai ikatangazwa kafyu ya usiku kaunti nzima, na wavuvi wakakatazwa kwenda baharini usiku. Kafyu ikarefushwa, na ikarefushwa tena. Wenye hoteli wakafunga, mimi mwenyewe nikakosa kazi za umeme, na yule mvuvi wetu akawa anashinda barazani, tanga limekunjwa nyumbani.

Hadithi za majini ni za usiku, na sisi usiku tulikuwa tumenyimwa.

Binamu yangu ndiye aliyekumbuka habari ya banda la ndege. Alikuwa amesoma kuwa Kobayashi alipopiga Kwaidan hakutoka nje kwa sehemu kubwa ya kazi. Alichukua banda kubwa la ndege lililokuwa halitumiki, akajenga ndani yake misitu, nyumba, mto na theluji, na mbingu zote zikachorwa kwa rangi. Ukiitazama ile hadithi ya theluji utaona mbinguni kuna macho makubwa yanayomtazama mkata kuni. Ilikuwa filamu yake ya kwanza ya rangi, naye akataka kila rangi itoke mkononi mwa binadamu. Jua la Mungu hakulihitaji. "Sisi tuna nyumba za mawe," binamu akasema. "Tutautengeneza usiku ndani."

Wasiozijua nyumba za Lamu nawaambia: kuta zake ni za matumbawe, nene kama mkono kutoka bega hadi vidoleni, na vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, msana, kisha ndani, hata mwanga unaochoka njiani haufiki kule mwisho. Mwanga unaingilia kiwandani tu, kule uwani. Tulipata nyumba ya shangazi yetu, ambayo wapangaji wazungu walikuwa wameikimbia. Mvuvi akaleta tanga lake, lile lisilokuwa na kazi. Tukalitandika juu ya kiwanda, tukalifunga kwa kamba kwenye nguzo nne. Lilikuwa jeupe na jua lilipenya, kwa hiyo dada wa fundi cherehani akakusanya mabuibui ya zamani mtaani, tisa kwa hesabu yangu, akayaunganisha, tukayalaza juu ya tanga. Saa tano za asubuhi, nje jua kali, punda wanapita na mchanga, na mle ndani ilikuwa giza kama saa nane za usiku.

Mimi nililazimika kutafuta mbalamwezi. Nilipaka nili ya kufulia kwenye kioo cha karabai. Kikapasuka kwa moto. Nikapaka nyingine kwenye karatasi ya plastiki, nikaishika mbali kidogo na taa, na mkono wangu ukawa unatetemeka kwa uchovu, na ule mtetemeko ukageuka kuwa mawingu yanayopita mbele ya mwezi. Niliufurahia kuliko waya wowote nilioufunga maishani. Jenereta tuliiweka kichochoro cha tatu, waya tukaupitisha madirishani kwa majirani, na hata hivyo mlio wake ulisikika. Karabai nayo hulia, shii, shii, haikomi. Kwa picha hainidhuru, lakini kwa sauti inaua kila kitu.

Sasa niseme habari ya hadithi ya tatu.

Aliyeisimulia ni nyanya wa fundi cherehani, na mtaa mzima tulikuwa tukimwita Nyanya, wakubwa kwa wadogo. Umri wake ulikuwa umepita miaka 80. Hatukutaka kumuigiza, tulitaka akae kitandani chini ya zidaka asimulie yeye mwenyewe, kwa Kiamu chake, yaani Kiswahili cha Lamu, jinsi mumewe alivyokutana na yule mwanamke karibu na pwani usiku mmoja wa giza. Mwanamke mzuri, amejifunika, anauliza njia. Mguu mmoja wa binadamu, mmoja wa punda. Nyanya alianza hivi, na maneno haya ninayo kichwani kama sura niliyohifadhi: "Mwanangu, ukiitwa usiku uko ndiani, usiitike. Na ukikutana na mtu, usimuangalie mato. Muangalie maguu." Ndia kwetu ni njia, na mato ni macho.

Ili sauti yake isiharibike nilizima karabai na kuizima jenereta. Tukabaki na koroboi mbili tu. Picha ikawa nyeusi, unaonekana uso wake na mkono mmoja, basi. Binamu akasema na iwe hivyo.

Ikafika pahala pa sauti ya hatua. Mimi nilikuwa nimetayarisha vifuu viwili vya nazi vya kugonga sakafuni, kama nilivyoona watu wakifanya. Nikagonga. Nyanya akacheka, akatikisa kichwa, akasema huyo ni farasi wa sinema. Akainuka kitandani pole pole, akaingia chumba cha ndani, akatoka na mtalawanda mmoja. Vijana wa siku hizi huenda hawaijui mitalawanda, ni viatu vya mbao, vyenye kijiti cha kushika kwa vidole, vya kuendea chooni na uwani. Akavaa huo mmoja mguu wa kulia, wa kushoto akauacha mtupu, akatembea juu ya sakafu ya chokaa kutoka mlango wa ndani hadi msanani. Ko. Kisha kimya. Ko. Kisha kimya. Na katika kile kimya ulijua kuna mguu wa pili unaokanyaga, ila huusikii. Yule kijana wa kamera aliacha kutazama kioo chake akageuka kutazama nyuma. Mimi nilikuwa na vipokea sauti masikioni na nywele za mikono zilinisimama, saa sita ya mchana.

Baadaye nilipofuatilia habari za Kwaidan nilielewa zaidi alichokifanya Nyanya. Muziki wa filamu ile ni wa Toru Takemitsu, naye hakutumia muziki kama tunavyouzoea. Katika hadithi ya samurai alichukua mlio wa mbao zinazopasuka, akaziondoa sauti za kawaida za miguu na sakafu, na mlio ule akauweka usiende sawa na picha, unakuja umechelewa au unakuja pasipo na kitu. Katikati akaacha kimya kirefu. Mtu yule ni miongoni mwa watungaji wakubwa wa Japani wa karne iliyopita. Nyanya hakuwa amesoma hata madrasa zaidi ya juzuu chache, na alifika pahala pale pale kwa kiatu kimoja.

Tulimaliza mwezi wa Oktoba. Nakala ya pili hatukuwa nayo. Hilo ni kosa letu na nalikiri, ila ukweli ni kwamba pesa ya diski ya pili ilikuwa imekwenda kwenye mafuta ya jenereta. Mapema 2015 binamu yangu akapata kampuni moja ya mjini, sitaitaja jina, iliyokubali kuihariri filamu na kuitafutia mahali pa kuonyeshwa. Wakaichukua ile diski yenyewe. Tulitia saini karatasi moja ambayo hakuna kati yetu aliyeisoma yote.

Ilirudi mwisho wa mwaka ikiwa na dakika 58 na hadithi tatu. Hadithi ya tatu wameiondoa. Sababu walituandikia: kuna giza, inakwenda polepole, na lugha ya yule bibi haitaeleweka na watazamaji.

Tuliionyesha mara moja, mwaka 2016, kwenye ukumbi wa shule, ukutani, kwa projekta ya kuazima. Mtaa mzima ulikuja, kwa sababu mtaa mzima ulijua Nyanya ameingia kwenye filamu. Yeye mwenyewe aliketi mbele kabisa, amevaa leso mpya, mjukuu wake kamshika mkono. Hatukuwa na ujasiri wa kumwambia kabla. Hadithi ya mvuvi ikapita, watoto wakapiga kelele. Ya bwana harusi ikapita. Kisha ikaja ya adhana, kisha majina, kisha ukuta mweupe. Watu wakageuka kumtazama. Akasema kwa sauti ndogo, "Huenda sikunena vyema."

Alifariki mwaka uliofuata. Mungu amrehemu.

Ndiyo maana iliponijia ile makala yenu sikuweza kunyamaza. Mwandishi wenu anaposema hakuna aliyethubutu, yuko ukumbi mzima wa watu hapa Langoni wanaojua si kweli. Na anapotutuma kwa Wajapani bila kuitaja Kwaidan, ameiruka ile ambayo historia yake ndiyo yenye faida kwetu. Filamu ile ilishinda tuzo maalumu ya majaji katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 1965, ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Kwa nje inaonekana ilifanikiwa. Lakini kampuni iliyoitengeneza, Ninjin Club, maana yake Klabu ya Karoti, gharama ziliizidi na ikafilisika. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1954 na waigizaji watatu wanawake, Keiko Kishi, Yoshiko Kuga na Ineko Arima, ili wapate kuchagua kazi zao badala ya kuamriwa na studio kubwa. Fikiria wanawake watatu, Japani ya mwaka 1954. Na aliyecheza mwanamke wa theluji ni Keiko Kishi mwenyewe.

Mwanamke huyo wa theluji anamkuta kijana mkata kuni kwenye kibanda, anamuua mzee aliye naye kwa pumzi, kijana anamuacha hai kwa sharti kwamba asimwambie mtu. Baadaye anamjia kwa sura nyingine, wanaoana, wanazaa. Usiku mmoja mume anasahau na kumsimulia mkewe alichokiona zamani. Mke anasimama. Anamuachia uhai kwa ajili ya watoto, anatoka kwenye theluji. Yule kijana wetu wa kamera, aliyekuwa hana mke bado, alilia mbele ya kinyozi na hakuona haya.

Filamu ilipopelekwa Marekani ilionekana ndefu. Ikaondolewa hadithi. Iliyoondolewa ni hiyo, nzima, na kilichobaki kikawa dakika 125. Kwa hiyo mwanamke aliyekuwa mmoja wa waasisi wa kampuni iliyofilisika kwa ajili ya filamu ile, watazamaji wa Marekani hawakumuona uso. Nilipoyasoma hayo nilikaa kimya muda mrefu. Huko na huku, walipotafuta cha kukata, mkono ulikwenda moja kwa moja kwa mwanamke.

Hata nakala niliyoachiwa mimi na yule mgeni ilikuwa pungufu. Ilikuwa ya dakika 161, ambayo ndiyo iliyozunguka nje ya Japani kwa miaka mingi. Filamu kamili ni dakika 183. Kamili ilisafishwa na kutolewa tena kwenye diski huko Marekani mwaka 2015, miaka 50 baada ya Cannes, na hadithi ya theluji iko ndani, mahali pake pa pili. Kobayashi alikuwa amekwisha kufa tangu 1996. Mtu huyu vitani alikuwa askari akakataa kupandishwa cheo kwa kupinga jeshi lake mwenyewe, sidhani kama alikuwa mtu wa kukubali kwa urahisi kazi yake ikatwe. Hakuiwahi siku hiyo. Lakini iliwezekana kwa sababu moja tu: kuna mtu, mahali fulani, aliyeitia kwenye kopo ile sehemu iliyokatwa akaiweka, wala hakuitupa.

Mwaka jana nilisafiri hadi mjini kuitafuta ile kampuni. Ofisi yao sasa ni duka la simu. Kijana wa dukani akaniambia wenyewe walihama, vitu vingine wakavigawa, vingine wakachukua nyumbani. Nilizunguka siku mbili. Namba walizotupa hazipatikani.

Sitaki pesa, wala sitaki kesi. Karatasi tulitia saini wenyewe. Wala sitaki kumtia haya mtu gazetini, pengine aliyeamua kukata alikuwa kijana aliyepewa dakika za kujaza na hakuwahi kusikia Kiamu maishani. Kiamu kweli si rahisi kwa mtu wa mbali. Lakini maandishi chini ya picha yangetosha, kama binamu yangu alivyonisomea Kijapani kwa kupitia Kiingereza, nami nikaelewa hata nikaogopa.

Ninachokiomba ni hiki. Miongoni mwa wasomaji wenu wa mjini wapo wahariri wa filamu, wapiga picha, wauzaji wa kompyuta za mitumba. Nawaomba watazame makabatini na maboksini. Ni diski ngumu ya nje, nyeusi, saizi ya kitabu kidogo, pembe yake moja imechubuka kwa sababu niliiangusha ngazini. Juu yake kuna plasta nyeupe ya kidonda, na kwenye plasta nimeandika kwa kalamu ya wino wa buluu: LAMU 1–4. Ndani kuna folda nne. Ya tatu inaitwa NYANYA. Kama diski imefutwa na kutumiwa kwa kazi nyingine, pia naomba niambiwe, ili mjukuu wake aache kuniuliza kila Ijumaa.

Tanga bado tunalo. Mvuvi alirudi baharini nalo kafyu ilipoisha, likachakaa, akalibadilisha, na lile kuukuu liko darini kwangu pamoja na mabuibui tisa. Mtalawanda nao ninao, huo mmoja, wa mguu wa kulia. Binamu yangu amezeeka macho lakini anasema mpangilio wa hadithi anaukumbuka, ya tatu inaingia baada ya bwana harusi, na ukumbi wa shule ni ule ule.

Mhariri, namba yangu ya simu unayo. Aliye na diski hiyo si lazima aje mpaka kisiwani. Aipe basi lolote la Lamu, anijulishe ni basi gani na saa ngapi limeondoka, nami nitavuka na boti ya kwanza kwenda kuipokea Mokowe mwenyewe.

Wako,
Fundi umeme, Langoni, Lamu